Kompyuta ndogo ya gemu na video inapogoma: anzia kwenye dalili, tafuta vifaa viwili visivyopatana

Kompyuta ndogo ikigoma, mara nyingi hakuna kifaa kibovu ndani yake. Prosesa ni nzima, RAM (kumbukumbu ya muda) ni nzima, kadi ya michoro ni nzima, ila viwili kati ya hivyo havipatani, na kasha dogo halisamehe. Katika kasha kubwa unaweza kukosea kwa sentimita mbili au kwa wati hamsini, na mashine ikafanya kazi miaka mitatu bila wewe kujua. Katika kasha la lita kumi, kosa hilohilo litaizima mashine huku ukirenda (ukitoa video iliyokamilika ya) harusi ya mteja aliyekwisha kukulipa.

Ndiyo maana kila dalili hapa chini naijia na swali moja: ni vifaa gani viwili vinavyogombana? Anayeuliza "kipi kimekufa?" hununua kipya, nacho kipya kinagoma vilevile.

Nazungumzia mashine za aina mbili. Ya kwanza ni ile unayoiunda mwenyewe kwa ubao mama wa Mini-ITX, mraba wa milimita 170 kwa 170, katika kasha kama Cooler Master NR200 au Fractal Terra. Ya pili ni ile ambayo vijana wengi wa Dar es Salaam na Nairobi huanza nayo: kompyuta nyembamba ya ofisi iliyotumika, Dell OptiPlex, HP EliteDesk au Lenovo ThinkCentre za umbo dogo (SFF), halafu wanaichomekea kadi ya michoro (GPU, kama wengi tunavyoiita). Zote mbili zinaweza kuwa mashine nzuri sana. Lakini kabla ya kugusa chochote, andika modeli kamili ya kila kifaa kilichomo. "i5" haitoshi, andika i5-8500. "RTX 3050" haitoshi, na utaona sababu. Programu za bure za CPU-Z na HWiNFO zitakupa majina yote.

Inawaka, feni zinazunguka, skrini nyeusi

Angalia kwanza kebo ya skrini imechomekwa wapi. Ikiwa iko kwenye ubao mama badala ya GPU, na prosesa yako haina sehemu ya michoro ndani yake, hutaona kitu. Prosesa za Intel zenye herufi F mwishoni, kama i5-12400F, hazina. Ryzen 5 5600 haina, na Ryzen 5 7500F haina. Ryzen 7600 na 7700 zinayo, ndogo, inayotosha kuonyesha picha na kukusaidia kutafuta tatizo. Kwa mashine ndogo mimi napendelea prosesa yenye michoro yake hata ikizidi bei kidogo, kwa sababu siku GPU itakapoleta utata utakuwa na njia ya kuona kinachoendelea. Kuna sababu nyingine kubwa zaidi upande wa video, nitaifikia.

Kama mashine ni mpya ya soketi ya AM5 (tundu la prosesa za Ryzen 7000 kwenda juu), subiri. Mara ya kwanza kuwaka, ubao hujipima na RAM ya DDR5, na skrini hubaki nyeusi kwa dakika kadhaa. Ukiwa na GB 64 inaweza kuchukua muda mrefu zaidi. Watu wengi huzima mashine katikati ya zoezi hilo, wanawasha tena, zoezi linaanza upya, wanazima tena, kisha wanarudisha ubao dukani wakisema mbovu. Washa, nenda kanywe chai.

Ikiwa umesubiri na hakuna kitu, kinachofuata ni ugomvi wa prosesa na BIOS, programu ya ubao mama inayowasha mashine. Ubao wa B650 uliotoka kiwandani kabla ya Ryzen 9000 kuingia sokoni mwaka 2024 hauitambui prosesa hiyo mpaka BIOS yake isasishwe, ingawa soketi ni ileile. Vivyo hivyo ubao wa zamani wa B450 na Ryzen 5000. Mbao nyingi nzuri zina kitufe cha kusasisha BIOS kwa flashi bila prosesa inayofanya kazi. Kabla ya kununua, tafuta kitufe hicho kwenye picha ya nyuma ya ubao. Kama hakipo, mwombe muuzaji asasishe mbele yako.

Upande wa Intel kuna mtego mbaya zaidi. Soketi ya LGA1151 ilitumiwa na prosesa za kizazi cha 6 na cha 7, kisha cha 8 na cha 9. Kwa macho ni soketi moja na prosesa itakaa bila shida. Lakini ubao wa H110 au B250 hauwashi i5-8400, na ubao wa B360 hauwashi i5-7500. Kwa hiyo ukiwa na EliteDesk 800 G3 ambayo ni ya kizazi cha 6 na cha 7, usidanganyike kununua prosesa ya kizazi cha 8 kwa sababu tu "inaingia". Kuingia si kufanya kazi.

Sababu ya mwisho ya skrini nyeusi ni kebo ya raiza, ile bapa inayobeba GPU katika makasha yanayoilaza kando au nyuma ya ubao. Raiza iliyotengenezwa kwa PCIe 3.0 (PCIe ni njia inayounganisha GPU na ubao) ikipewa GPU na ubao vya PCIe 4.0, vifaa hivyo viwili hukubaliana kwenda kwa kasi ambayo kebo haiwezi kubeba. Matokeo ni skrini nyeusi, au picha inayokatika, au mashine inayoganda mara mojamoja bila mpangilio. Chomeka skrini kwenye ubao mama, ingia BIOS, badili sloti kutoka Auto hadi Gen 3. Tatizo likiisha, umempata mgomvi. Kwa kadi nyingi hasara ya kasi ni ndogo mno. Unaweza kuiacha hivyo.

Inazimika ghafla gemu ikianza au kurenda kukikolea

Hapa tofautisha umeme na joto kwanza, kwa sababu tiba zake ni tofauti kabisa. Mashine yenye joto kali hupunguza kasi kabla ya kuzimika: fremu zinashuka, feni zinapiga kelele, unapata onyo. Mashine iliyokosa umeme huzimika papo hapo. Ukifungua kumbukumbu za matukio za Windows utakuta Kernel-Power 41, na wengi hulitafsiri kama ushahidi kwamba pawasaplai imekufa. Tukio hilo linasema tu kwamba mashine ilizimika bila kuagwa. Halisemi kwa nini.

Kipimo kizuri hakigharimu kitu. Kwa programu ya MSI Afterburner, punguza nguvu ya GPU hadi asilimia 70, kisha rudia gemu au kurenda kulikoizima. Ikistahimili, ugomvi ni wa GPU na pawasaplai.

Kwenye mashine za ofisi, ugomvi huo umeandikwa kwenye stika. OptiPlex 7050 SFF na EliteDesk 800 G3 SFF zina pawasaplai ya wati 180. Humo ndimo prosesa ya wati 65, diski, feni na USB zote zinapokula. Kinachobaki kinatosha GPU inayokula wati 75 au chini, nayo ichukue umeme wote kutoka kwenye sloti bila waya wa ziada. Kuna GTX 1650 fupi ya umbo la chini (low profile, yenye kimo kidogo) isiyo na tundu la waya, na kuna RTX 3050 ya GB 6 iliyotoka mwaka 2024, ya wati 70. Sasa angalia ule mtego wa jina: RTX 3050 ya GB 8 ni kadi nyingine kabisa, ya wati 130, yenye tundu la pini 8. Jina ni moja, na mnunuzi anayefika dukani na jina peke yake anaweza kurudi na ile isiyomfaa.

Hapo ndipo hujitokeza fundi mwenye kebo ya kugeuza waya wa SATA, ule wa umeme wa diski, kuwa pini 6 au pini 8. Ikatae, tafadhali. Kiunganishi cha SATA kimeundwa kubeba takriban wati 54 kwenye laini ya volti 12, na tundu la pini 8 linaruhusiwa kuvuta hadi wati 150. Plastiki huyeyuka, na nyumbani mna watu. Kubadilisha pawasaplai nzima pia si rahisi kwenye mashine hizi, kwa sababu Dell na HP hutumia viunganishi na maumbo yao wenyewe. Pawasaplai ya kawaida ya dukani haiingii wala haina pini zinazofanana.

Kwenye mashine uliyoiunda mwenyewe, pawasaplai huwa ya SFX, milimita 125 kwa 63.5 kwa 100, au SFX-L yenye urefu wa milimita 130. Zingatia urefu huo, kwa sababu kuna makasha ambamo SFX-L inaingia yenyewe lakini waya zake zinakosa pa kupita. Kuhusu wati, Nvidia hupendekeza 550 kwa RTX 4060 na 650 kwa RTX 4070, ingawa kadi hizo zinakula 115 na 200 tu. Kuna sababu. GPU haivuti umeme kwa utulivu. Huruka juu kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, na RTX 3080 ilisifika vibaya kwa jambo hilo. Pawasaplai ya zamani huona mruko huo kama shoti na hujizima. Zile za kiwango cha ATX 3.0, kilichotangazwa mwaka 2022, hutakiwa kustahimili miruko hiyo. Ukinunua pawasaplai mpya leo, nunua ya kiwango hicho au kilichofuata.

Nyaya zenyewe zinaweza kuwa mgomvi. Tundu dogo la pini 16 la kadi za RTX 40 na 50 halitaki kupindwa karibu. Acha waya unyooke angalau milimita 35 kutoka kwenye tundu kabla ya kukunja. Katika kasha dogo mlango wa ubavuni mara nyingi ndio unaousukuma waya huo. Ukiona mlango unafunga kwa kusukumwa, fungua, tafuta waya uliokunjwa. Na kamwe usichanganye nyaya za pawasaplai moja na nyingine, hata kama ni za kampuni moja. Upande wa GPU na diski viunganishi vinafanana, lakini upande wa pawasaplai kila mtengenezaji hupanga pini atakavyo. Waya usio wake unaweza kupeleka volti 12 mahali pa volti 5 na kuua diski zote kwa sekunde moja, pamoja na kazi za wateja zilizomo.

Bado kuna UPS, betri ya akiba ya umeme ukikatika, na kwetu hili ni jambo la kila siku. UPS ya VA 650 hutoa kati ya wati 360 na 390 hivi, si 650. Umeme ukikatika huku unarenda kwa GPU kubwa na skrini mbili, UPS inapiga kelele na kuzima kila kitu. Pia pawasaplai za kisasa hazipendi UPS za bei nafuu ambazo wimbi lake la umeme ni la kuigiza; nyingine hujizima sekunde ileile UPS inapopokea zamu. Ikiwa mashine yako inazimika tu umeme wa TANESCO au Kenya Power unapokatika, na kamwe haizimiki kwenye gemu, basi usiiguse kompyuta. Punguza mzigo kwenye UPS au tafuta yenye wimbi kamili.

Inaanza kwa kasi, baada ya dakika kumi inachoka

Hili ni joto, na mgomvi ni prosesa dhidi ya kipoozeo, au GPU dhidi ya ukuta wa kasha.

Anza na kipimo: endesha kurenda kwa robo saa ukiwa na HWiNFO, andika joto la prosesa, GPU na diski. Kisha fungua ubavu wa kasha na urudie. Joto likishuka digrii kumi au zaidi, vipoozeo vyako vinatosha, ila hewa haiingii. Likibaki palepale, hewa ipo na kipoozeo ndicho kidogo.

Ujue kwamba Ryzen 7000 zenye herufi X zimeundwa kupanda hadi digrii 95 na kukaa hapo. Digrii 95 peke yake si ugonjwa. Uliza kasi gani inapatikana ikiwa hapo. Ryzen 9 7950X imeandikwa wati 170, na ikiachiwa huvuta hadi 230. Kuiweka chini ya kipoozeo cha Noctua NH-L9a chenye kimo cha milimita 37 ni kununua prosesa kubwa na kuilipia kodi ya kutofanya kazi. Kipoozeo hichohicho juu ya Ryzen 5 7600 ya wati 65 kinakubalika. Kama tayari umenunua mnyama mkubwa, ingia BIOS uweke Eco Mode ya wati 65 au 105. Hasara katika kurenda ni ndogo kuliko unavyodhani, na utulivu unaoupata ni mkubwa. Kwa maoni yangu, katika kasha la chini ya lita 12 mtu asinunue prosesa ya zaidi ya wati 65 kabisa.

Namba za joto unazozisoma kwenye majaribio ya Ulaya hupimwa vyumbani penye digrii 20 na kitu. Mombasa, Zanzibar au Dar mwezi wa Februari, chumba kisicho na kiyoyozi kina 32. Joto la chumba likipanda digrii kumi, la ndani ya kasha nalo hupanda karibu kiasi hichohicho. Jaribio lililoisha digrii 85 kule, hapa linafika mpaka wa prosesa kujipunguza. Kwa hiyo chagua kipoozeo cha daraja moja juu ya kile kinachosifiwa mtandaoni, na usinunue kasha lenye kioo upande GPU inakovuta hewa. Kioo kinapendeza dukani tu. Na vumbi: kichujio kikiziba, mashine nzuri inageuka mbaya bila kifaa chochote kubadilika.

Mchovu mwingine ni diski. Mbao nyingi za Mini-ITX huweka sloti ya pili ya M.2 nyuma ya ubao, pasipo na upepo hata kidogo. Ukinakili GB 200 za video, mwendo unaanza vizuri kisha unaporomoka. Angalia joto la diski. Ikiwa imezidi 75 au 80, ni joto: ihamishie mbele au iwekee bamba la kupooza. Ikiwa iko chini ya 60 na bado imeporomoka, ni aina ya diski. Diski za bei nafuu za QLC (zinazobana biti nne katika kila seli) huandika haraka mpaka akiba yao ya kasi ijae, kisha hupungua sana. Kwa faili za gemu hazina neno. Kwa mtu anayemwaga kadi za kamera kila Jumapili usiku baada ya harusi, sizishauri.

Haiingii, au inaingia lakini mlango haufungi

GPU ina vipimo vitatu na watu husoma kimoja. Urefu ni wa kwanza: NR200 inachukua hadi milimita 330, Terra hadi 322. Unene ni wa pili, na kila nafasi ya sloti ni takriban milimita 20, hivyo kadi ya "nafasi mbili na nusu" ina kama 50. Kimo ni cha tatu: kadi nyingi hupita bamba lake la nyuma, kisha waya wa umeme unaongeza juu yake. Terra ina ukuta wa kati unaosogezwa. Ukiupa GPU unene zaidi, kipoozeo cha prosesa kinanyang'anywa kimo, kutoka milimita 77 hadi 48. Huwezi kuwa na vyote viwili. Amua GPU kwanza, kisha kipoozeo.

Kipoozeo kipana nacho hugombana na RAM. RAM yenye mataa na mapambo hufika milimita 44 au zaidi; ya kawaida iko karibu 32. Katika mashine ndogo nunua fupi, mataa hayatarenda video. Na ukihamisha kipoozeo cha zamani cha AM4, soketi iliyotangulia, kwenda AM5, angalia kinavyojifunga: kinachotumia bamba la nyuma la ubao wenyewe huhama bila shida, kinachokuja na bamba lake hakihami, kwa sababu bamba la AM5 halitoki.

Kwenye mashine za ofisi, hakikisha kadi ni ya umbo la chini na imekuja na bamba fupi la chuma. Pia chungulia ndani kabla ya kulipa: katika baadhi ya modeli sloti ndefu iko ukingoni kabisa karibu na pawasaplai, na kadi nene ya nafasi mbili haina pa kukaa hata ikiwa fupi.

Gemu inakwenda vizuri, lakini video inakwama kwenye taimlaini

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Mtu ana RTX 4070, gemu zote zinateleza, kisha analeta video za kamera yake kwenye programu za kuhariri za Premiere au DaVinci Resolve na kila kitu kinatembea kama kinavuta mkokoteni. Anaongeza RAM. Haibadiliki. Anafikiria kuuza GPU anunue kubwa zaidi.

Mgomvi ni kodeki ya kamera (namna inavyobana video) na kifunguzi cha video kilicho ndani ya chipu. Canon R5 na R6 zikirekodi kwa Canon Log hutoa H.265 ya biti 10 yenye rangi za 4:2:2 (rangi nyingi kuliko 4:2:0 ya kawaida), na kamera za Sony zenye XAVC HS zinaweza kufanya hivyo pia. GPU za RTX 30 na RTX 40 haziwezi kufungua 4:2:2 kwa maunzi. Kazi yote inaangukia prosesa. RTX 50 zinaweza. Na kinachowashangaza wengi ni kwamba michoro ndogo iliyomo ndani ya prosesa za Intel, kuanzia kizazi cha 11 cha kompyuta za mezani, huifungua H.265 ya 4:2:2 bila jasho. Yaani i5-12400 ya kawaida inaweza kumshinda mwenye i5-12400F na GPU ghali, kwa sababu ya herufi moja.

Ukiwa na prosesa hiyo na bado inakwama, ingia BIOS: mbao nyingi huzima michoro ya ndani zikiona GPU imechomekwa. Tafuta mpangilio wa iGPU Multi-Monitor, uwashe, weka draiva ya Intel, kisha chagua Intel kwenye mipangilio ya kufungua video ya programu yako. Kisha thibitisha: fungua Task Manager, chagua GPU, tazama grafu ya Video Decode unapocheza taimlaini. Ikipanda, maunzi yanafanya kazi. Ikilala sifuri huku prosesa ikiwa asilimia mia, bado hujafika.

Fahamu pia H.264 ya biti 10 ya 4:2:2, inayotoka kwenye kamera kama Panasonic GH5. Hiyo maunzi mengi huikataa. Suluhisho la kweli ni kutengeneza proksi, nakala nyepesi za kuhariria, na ni la bure. Sauti ikiachana na midomo kwenye video za simu, si kosa la mashine wala kifaa. Simu hurekodi kwa fremu zinazobadilikabadilika, zipitishe kwanza kwenye HandBrake ukichagua kiwango cha fremu kisichobadilika. Na kwa anayetaka kuokoa leseni ya Windows: Resolve ya bure kwenye Linux haifungui H.264 wala H.265 kabisa.

Upande wa kutoa video, ziepuke Radeon RX 6400 na RX 6500 XT kwa kazi hii. RX 6400 inavutia sana wenye mashine za ofisi kwa kuwa ndogo na isiyohitaji waya, lakini kadi zote mbili hazina kabisa kisimbaji (sehemu ya kubana video) cha H.264 na H.265. Prosesa yako ndiyo itakayorenda kila kitu. Zaidi ya hayo zinatumia njia nne tu za PCIe, hivyo kwenye mashine ya zamani ya PCIe 3.0 hata gemu zinaumia.

Resolve ikilalamika kwamba kumbukumbu ya GPU imejaa, isikilize. GB 4 za GTX 1650 zinatosha 1080p. Kwa 4K yenye kuondoa chembechembe (noise) za picha za gizani, GB 8 ndipo unapoanza kupumua. RAM ya kawaida: Mini-ITX ina sloti mbili tu, kwa hiyo GB 16 kwa vipande viwili vya 8 maana yake siku ya kuongeza utatupa vyote. Nunua viwili vya 16 mapema.

Gemu inastuka-stuka ingawa fremu ni nyingi

Fungua CPU-Z uone kama RAM ni kipande kimoja. Mashine nyingi za ofisi huuzwa hivyo, na kipande cha pili kinachofanana nacho ndicho tiba nafuu kuliko zote katika makala haya. Kama ni DDR5 iliyoandikwa 6000 lakini inaonyesha 4800, hujawasha EXPO au XMP, mpangilio unaoipa RAM kasi yake iliyoandikwa, kwenye BIOS. Isasishe BIOS kabla ya kuwasha EXPO kwenye Ryzen 7000X3D. Masasisho ya mwaka 2023 yaliweka ukomo wa volti baada ya baadhi ya prosesa hizo kuungua.

Intel Arc A310 na A380 ni kadi ndogo, zina kisimbaji cha AV1 (kodeki mpya zaidi), na mhariri anaweza kuzipenda. Lakini kwa gemu zinahitaji Resizable BAR (prosesa kuifikia kumbukumbu yote ya GPU kwa mara moja), ambayo mashine za kizazi cha 8 na chini kwa kawaida hazina. Bila hiyo zinaporomoka na kustuka. Kwa kurenda tu, bado zina faida.

Dalili moja inapotosha vibaya: gemu za Unreal Engine zinafungika zikisema kumbukumbu ya video imekwisha, na GPU yako ina GB 12. Ikiwa prosesa ni Core i7 au i9 ya kizazi cha 13 au 14, mtuhumiwa ni prosesa. Chipu hizo zilikuwa zikipewa volti kupita kiasi na kudhoofika. Intel ilianza kutoa marekebisho ya BIOS Agosti 2024 na ikaongeza dhamana kwa miaka miwili. Marekebisho hayaponyi iliyokwisha kudhoofika. Hiyo unaidai kwa dhamana, kwa hiyo usikubali kununua iliyotumika bila risiti.

Diski mpya haionekani

M.2 ni umbo, si lugha. Kuna M.2 ya SATA, lugha ya diski za zamani, na kuna ya NVMe, ya kasi zaidi, na sloti nyingi za mbao mpya hukubali NVMe peke yake. Diski yenye pengo mbili kwenye meno yake mara nyingi ni ya SATA. Ikiwa kilichopotea ni diski ya SATA ya zamani mara tu ulipochomeka M.2, soma kijitabu cha ubao: sloti moja ya M.2 huzima matundu fulani ya SATA. Hamishia waya kwenye tundu lingine.

Ikiwa bado hujanunua mashine ya ofisi

Windows 10 ilikoma kupata huduma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu pamoja na TPM 2.0, chipu ya usalama. Kwa hiyo ruka EliteDesk 800 G3 na OptiPlex 7050 hata bei ikishuka, tafuta 800 G4 au OptiPlex 7060, zenye i5-8500. Chukua RTX 3050 ya GB 6 ya umbo la chini, RAM vipande viwili vya GB 16 vya DDR4, na NVMe ya TB 1 ya TLC (biti tatu kwa seli, si QLC). Ukiwa na kamera ya 4:2:2, tengeneza proksi, kwa kuwa kizazi cha 8 hakiifungui. Na kabla ya kutoka dukani, mwombe muuzaji aiendeshe kwa dakika 20 ikiwa imefungwa, GPU ikiwa ndani, mzigo ukiwa juu.